Vijiti Ulivyopanda Kuzunguka Giligilani

Mpendwa Mama,

Shikamoo. Nimepanda paseli tena, na najua huko uliko umeshaanza kucheka. Cheka tu. Nimekaa kwenye kigoda chako mlangoni pa jiko, ukungu wa Nyakasimbi bado umelalia migomba, na bustani yangu ya viungo iko pale pale ulipoiacha. Giligilani ziko mbele, vitunguu majani pembeni, nanaa ndani ya karai bovu ili isitembee, na katikati kuna kipande cha udongo mtupu nilichokiwekea alama ya kijiti. Hapo ndipo paseli ilipo. Au tuseme ndipo inapotakiwa kuwa, maana mpaka leo haijaonyesha hata sikio.

Barua hii naiandika wazi, asomaye asome, kwa sababu wewe huwezi kunijibu na mimi siwezi kuendelea kukaa kimya. Tangu tulipokulaza ndani ya kibanja chako cha migomba, ubavuni mwa Baba mkwe, karibu na Deo wangu, watu wameniuliza swali moja kwa namna nyingi. Wapo waliolizungushia salamu kwanza, na wapo waliolitoa kabla hata ya kukaa. Mjane wa Deo, mtu wa Njombe, mwenye binti mmoja tu ambaye naye yuko chuoni, atabaki hapa au atarudi kwao? Nilikuwa najiuliza hata mimi, na jibu sikuwa nalo. Sasa ninalo, na ni haki yako kulisikia kutoka kwangu, si kwa majirani.

Unakumbuka nilivyofika? Deo alikuwa amepangiwa kufundisha Njombe, mimi nikifanya kazi kwenye bustani ya nyumba ya wageni ya misheni, nikipanda majani ya kutia kwenye supu na saladi za wageni. Aliponileta kwenu nilikuwa na begi moja, na ndani ya begi, katikati ya vitenge, kulikuwa na kitambaa chenye mafundo manne. Kila fundo lilikuwa na mbegu zake. Ulinipokea vizuri, siwezi kusema uongo. Ulinitandikia mkeka, ukanipa matoke na maharage, ukaniita mugole, bibi harusi, mbele ya wageni wote. Jina hilo hukulibadilisha. Nilizaa ukaniita mugole, nikaota mvi ukaniita mugole, na hata nilipokuwa nakulisha uji siku zako za mwisho, bado nilikuwa mugole.

Ulipouliza nimekuja na nini kutoka kwetu nikakufungulia kitambaa. Uligeuza zile mbegu kwenye kiganja kwa muda, kisha ukanionyesha sehemu karibu na jiko, pale tunapomwaga maji ya kuoshea vyombo.

"Pale patakutosha kuchezea," ukasema.

Nikashukuru kwa mdomo tu. Wakati ule sikujua kwamba umenipa ardhi nyeusi kuliko zote katika kibanja kizima.

Upandaji wa kwanza ulitaka kututenganisha. Nilivunja mbegu za giligilani kwa kuzibiringishia chupa, kila punje igawanyike, nikaziloweka, nikazipanda kwenye mistari, nikafukia kidogo tu. Kulipokucha nikakuta bustani imefunikwa nyasi nene kama za kulalia ng'ombe. Ulikuwa umeamka mapema kunisaidia, kwa moyo mweupe kabisa. Mtu wa Karagwe akiona udongo mtupu anaona haya, kama amemkuta mtu bila nguo. Lazima aufunike. Mgomba unafunikwa, mbuni unafunikwa, na giligilani za mkwe nazo zikafunikwa.

Haikuchomoza hata moja. Wewe ukasema mbegu zimekufa njiani, zimetoka mbali mno. Mimi nikasema ni nyasi. Hatukugombana kwa maneno, tuligombana kwa sufuria, na Deo masikini akawa anakula haraka haraka na kutoka. Mwishowe nikafunua upande mmoja na kukuita. Chini ya nyasi kulikuwa na vichipukizi vya giligilani, vyeupe, vimejikunja, vinatafuta pa kutokea. Uliinama ukavitazama. Siku iliyofuata nilikukuta umekaa chini, unasaga nyasi kavu kwa viganja mpaka zikawa laini kama tumbaku, unanyunyizia kwenye mistari kidogo kidogo, kama anayetia chumvi.

"Hivi?" ukaniuliza.

Nikasema hivyo, Mama. Na ilikuwa hivyo kweli, kwa sababu nyasi nyembamba zilitunza ubaridi wa udongo kuliko nilivyokuwa nafanya mimi Njombe kwa maji tu. Mpaka leo sijapanda giligilani bila kukaa chini na kusaga nyasi.

Zilipokua ukachuma jani, ukalifikicha, ukanusa, ukarudisha kichwa nyuma.

"Mugole, hii ni mboga au ni kunguni?"

Wiki nzima nilisikia habari za kunguni. Uliwaambia wanajumuiya, ukamwambia padri, ukamwambia mama muuza dagaa. Mkwe wangu ametoka Njombe na kunguni wa kijani, anawamwagilia maji. Nilicheka hadharani, lakini chumbani nilimlalamikia Deo, mama yako hanitaki. Akaniambia asiyetakiwa na mama hapewi jina la utani. Sikumwamini sana, nilidhani anataka kulala.

Ikaja paseli. Hiyo nayo ilikupa maneno ya miaka. Giligilani ukiipanda hugeuki mara mbili imetoka, lakini paseli inakaa ardhini mpaka mwenye bustani anaanza kutilia shaka akili zake. Kila ulipopita na ndoo ulisimama, ukautazama udongo, ukanitazama.

"Bado?"

"Bado, Mama."

"Basi imeenda Njombe kuaga. Ikimaliza itarudi."

Ilipochomoza hatimaye, ulikuja kuisalimia kabla hujanisalimia mimi. Uliipa pole ya safari.

Lakini uliyenifundisha kuiweka bustani vizuri ni wewe, lazima niseme. Kiangazi cha kwanza kilinishinda. Kwetu baridi ipo tu, huitafuti. Hapa usiku ni baridi lakini mchana wa Julai jua linapiga bila aibu, na giligilani ni mmea wa baridi. Ukichomwa na jua unaona maisha yanakwisha, unakimbilia maua, majani yanakuwa nyuzi na ladha inahama. Nilikuwa namwagilia asubuhi na jioni, na bado zinakimbia. Ukanishika mkono, ukanisimamisha kwenye bustani saa za mchana, ukaniuliza kivuli cha migomba kinaanguka wapi. Kumbe kilikuwa kinaanguka pembeni kidogo tu. Tukaisogeza bustani, ipate jua la asubuhi na baada ya hapo ikae chini ya migomba ya matoke. Mwaka uliofuata nilichuma giligilani kiangazi chote, na wenye migahawa ya Kayanga wakaanza kuulizia kwa yule mama wa Nyakasimbi.

Na wewe ukaanza kula kwa siri. Usikatae. Jumamosi moja nilirudi kutoka jumuiya, nikakukuta jikoni na maharage yanachemka, umejikausha kama hakuna lililotokea. Ulinipa mikono yote miwili kunisalimia, kama kawaida yako. Nikaivuta karibu na pua.

"Mama, mikono yako inanukia kunguni."

"Basi wameshaingia jikoni," ukasema, na ukaendelea kukoroga.

Tangu siku hiyo hatukula maharage bila giligilani. Ulikataa kata kata kuzitia kwenye senene tu, ukasema senene hawahitaji msaada wa mtu. Hapo nilikuachia, wewe ndiye mwenye senene zako.

Sasa nifike kwa Deo. Nimekuwa nikizunguka.

Aliumwa kwa muda mfupi, akatutoka, na nyumba ikabaki na wanawake watatu: wewe, mimi na binti yangu Koku, ambaye alikuwa bado mtoto wa shule. Watu walikuja, wakalia, wakala, wakaondoka. Nikawa nakaa chumbani. Sikuwa nalia, nilikuwa nimekaa tu, nikitazama ukuta. Bustani ikaota magugu. Wewe ulikuwa umemzika mwanao wa kwanza, na sijui ulikuwa unalia saa ngapi, kwa sababu kila nilipokuona ulikuwa na jembe au kuni. Asubuhi moja ukaja mpaka kitandani kwangu, mvua inapiga bati.

"Mugole, mvua imefika. Lete chupa."

Nilitaka kukujibu vibaya, Mama. Badala yake nikainuka nikatafuta chupa. Tulikaa barazani, wewe ukishika kitambaa kisiteleze, mimi nikibiringisha chupa juu ya mbegu, zinapasuka moja moja, na ile harufu ikatoka, harufu ya kunguni wako, na hapo ndipo nililia. Ukaniacha nilie. Hukuniambia nyamaza, hukuniambia kazi ya Mungu. Ulikuwa unakusanya tu mbegu zinazorukia sakafuni na kuzirudisha kwenye kitambaa. Siku ile nilikupenda kama mama aliyenizaa, na sikupata kukuambia. Nakuambia sasa.

Msimu uliofuata ndipo ulipopanda vile vijiti. Tulikuwa tumetoka misa, bado umevaa kitenge chako cha kanisani, ukanituma nimwite Mama Odeta, jirani yetu ambaye wazee wake walitoka Rwanda. Nilidhani kuna mzigo. Nikarudi naye nikakukuta umekata matawi ya ule mmea wenye majani marefu membamba uliopangwa mstari kule chini, mpakani na kibanja cha jirani. Mlamula, mnauita. Ukaupanda kwenye pembe zote za bustani yangu, kisha ukaongeza kwenye pande zake, unashindilia udongo kwa kisigino. Mimi nilishika kikapu. Mama Odeta alisimama tu, mikono mgongoni, na nikajiuliza jirani ameitiwa nini kwa vijiti vyepesi namna ile. Ulipomaliza ukamuuliza, umeona? Akasema, nimeona. Ukamlazimisha akae, akala matoke na maharage, akapewa na giligilani za kwenda nazo.

Nilikuuliza vijiti ni vya nini.

"Vya kuzuia."

"Kuzuia kuku?"

Ukamtazama Mama Odeta, ukanitazama mimi.

"Na kuku," ukasema.

Basi mkweo akafurahi. Kwetu wigo wa bustani ni matete, nikaona huku mna wigo unaoota wenyewe, jambo zuri kweli. Nikanunua wavu, nikaufunga kwenye vijiti vyako kuzunguka bustani nzima, nikaanika na matambara ya jikoni juu yake. Wewe ulipita ukaona, ukatikisa kichwa, ukaenda zako. Mama Odeta naye hakusema kitu. Nimemuuliza majuzi kwa nini, akaniambia alidhani najua. Hapa hakuna mtu asiyejua, kasoro mgeni.

Ukaugua, nikakuuguza. Siku hizo hukuwa na hamu ya chakula, ila supu ya kuku yenye majani ulikunywa, na paseli ikawa ndiyo unayoiomba. Ulikuwa ukinituma nichume kisha unauliza kama nimeacha ya mbegu. Nilikuambia nimeacha. Ukaondoka mchana mmoja wa mvua ndogo, kimya, mkono wako ukiwa kwenye wangu.

Baada ya matanga, Felician akasema neno lake. Sitaki umkasirikie mwanao. Mdogo wake Deo ana watoto wengi, amechoka kupanga Mwanza, na fundi umeme siku hizi anaweza kupata kazi hata huku. Anataka kujenga nyumba ya matofali, na mahali pazuri kuliko pote ni hapa: tambarare, karibu na barabara, karibu na maji. Alikuja akasimama katikati ya bustani yangu, akapima kwa hatua.

"Shemeji, hufukuzwi," akaniambia. "Chumba chako kitakuwepo."

Alisema kwa upole, na hilo ndilo lililoniuma. Chumba. Niliishi hapa, nikazaa hapa, nikamzika mume hapa, nikakuzika wewe, na mwisho wake nina chumba kwenye nyumba ya shemeji. Nilikuwa najua nilivyo machoni pa ukoo: sina mtoto wa kiume, sina ndugu huku, sina hata lugha yenu sawasawa, maana Kinyambo changu kinawachekesha watoto mpaka leo. Nilikuwa hapa kwa hisani yako, na wewe umeondoka na hisani yako.

Dada yangu wa Njombe akanipigia simu. Njoo, akasema, bustani ya mama iko wazi, huku giligilani hazikimbii maua. Koku naye nikamweleza, akasema popote nitakapokuwa atakuja likizo. Hakuwa na maana mbaya, lakini neno hilo nililisikia kama kengele ya kuondoka. Nikatoa kile kitambaa, nikafunga mbegu mafundo manne, nikakiweka kwenye begi chini ya vitenge. Begi sikulifunga. Nililiacha wazi mlangoni, nalipita nikienda, nalipita nikirudi.

Kikao cha ukoo kikakaa. Baba mkubwa Salvatory, shemeji yako uliyekuwa ukimwita mzee wa magoti, ndiye aliyeongoza. Walizunguka kibanja chote wakigawa, hapa pa huyu, pale pa yule, na yeye akilalamikia magoti kila penye mteremko. Mimi nilifuata nyuma na wanawake wengine. Walipofika jikoni Felician akaonyesha anapotaka kujenga, na wazee wakatikisa vichwa kukubali, hakuna ubishi. Baba mkubwa akapiga hatua kuingia bustanini, mguu ukanasa kwenye wavu wangu wa kuku. Akayumba. Akaanza kulaani wavu, kuku na aliyewaleta duniani. Felician akainama kumnasua.

Kisha laana zikakatika. Mzee alikuwa ameshika kijiti kimoja kujiegemeza, akakitazama, akatazama kinachofuata, akafuata mstari kwa macho mpaka akarudi alipoanzia. Vimekuwa virefu sasa, vimezidi kiuno cha mtu mzima.

"Milamula hii imepandwa na nani?"

Felician akasema ni wigo wa kuku wa shemeji. Mzee hakumgeukia, alinitazama mimi.

"Ulipanda wewe?"

"Alipanda Mama," nikasema. "Mimi nilishika kikapu."

"Kwa mkono wake?"

"Kwa mkono wake."

"Nani aliona?"

Nilikuwa sijaelewa anachouliza, Mama, nilidhani natafutiwa kosa. Lakini Mama Odeta alikuwa amekuja kusaidia kupika, akatoka jikoni na mwiko wake, akasimama palepale aliposimama siku ile.

"Mimi niliona," akasema. "Aliniita nione. Akanipa na chakula."

Wazee wakatazamana. Hata watoto waliokuwa wakikimbizana waliacha. Mzee wa magoti akautoa mguu wake wavuni taratibu, akarudi nyuma mpaka akawa nje ya mstari wa milamula, na wengine wote waliokuwa wameingia wakatoka pia, mmoja mmoja.

"Mwenye kibanja ameshagawa," akasema. "Sisi tumekuja kugawa kilichobaki."

Basi. Ndivyo ilivyokuwa. Hakuna aliyebisha, kwa sababu hapa mlamula ukishapandwa mbele ya mtu hakuna anayeung'oa, na hilo ndilo kila mtu alilijua isipokuwa mimi. Felician alisimama kidogo, akautazama mstari, akatazama matofali aliyokwisha kuyashusha kando ya barabara, akasema nyumba itasogea upande wa mibuni. Alilisema shingo upande, sitakuficha, na kwa siku kadhaa salamu zake zilikuwa fupi. Kisha akaja kuomba giligilani za supu, na nikajua yamekwisha.

Walipoondoka nilifungua wavu. Niliufungua wote, nikaukunja. Nikakaa chini katikati ya bustani, nikalia kuliko nilivyolia siku ya kukuzika. Nilikuwa nawaza kila mara ulipopita ukaona matambara yangu ya jikoni yameanikwa juu ya mpaka uliouweka mbele ya shahidi, na ukajizuia kusema. Ungeweza kuniambia. Najua kwa nini hukuniambia. Wakati ule Deo alikuwa amefariki karibuni, na ungenieleza, ningeelewa kwamba unajiandaa kufa na wewe. Ukaniacha niwaze kuku. Miaka yote niliyodhani naishi kwako kwa hisani, Mama, nilikuwa naishi kwangu.

Lakini kupewa mahali si kubaki. Baba mkubwa mwenyewe aliniambia, hata nikienda Njombe, pale patabaki pangu na pa Koku, hakuna atakayepagusa. Kwa hiyo swali likarudi kwangu peke yangu, hakuna tena wa kumsingizia. Begi bado lilikuwa wazi mlangoni. Ningeweza kwenda kwa amani kabisa.

Mvua za vuli zilipoanza nilitoa kitambaa, nikafungua fundo la giligilani, nikapanda, kwa sababu giligilani mtu anaweza kupanda hata akiwa safarini. Inaota upesi, anaweza kula na kuondoka. Kisha nikafungua fundo la paseli. Hapo nilikaa muda na zile mbegu kiganjani, kama ulivyokaa nazo wewe. Anayepanda paseli anajua hataiona kesho wala keshokutwa. Nikachora mstari kwa kidole, nikazimwaga, nikafukia, nikasaga nyasi nikanyunyizia. Nikaingia ndani nikanawa mikono, nikampigia dada yangu.

Nikamwambia nitakuja kuwasalimia Krismasi. Akaelewa. Akaniuliza tu kama huku kuna baridi ya kutosha. Nikamwambia ipo, ukijua kivuli kinaangukia wapi.

Mambo mengine ni ya kawaida. Nyumba ya Felician imefika kwenye lenta. Koku amesema likizo anakuja nyumbani, na safari hii neno nyumbani alilitamka bila kusita. Mke wa Felician, mzaliwa wa Kyerwa, ni mwanamke mchapakazi. Wiki iliyopita aliamka mapema akaona kipande cha paseli kiko mtupu, akaona haya kwa niaba yangu, akakifunika nyasi nene mpaka nikashindwa kuona alama. Nilisimama mlangoni nikacheka peke yangu, nikakuita kwa jina. Kisha nikamwita yeye, tukakaa chini, nikamwonyesha kusaga nyasi kwa viganja. Akaniuliza, hivi? Nikasema hivyo hivyo, mdogo wangu.

Jana niliandika tangu asubuhi, na jioni barua hii nikaiachia hapo, nikaenda kuchuma mboga. Nimeirudia asubuhi hii kwa sababu kuna jambo moja la kuongeza. Ukungu ulipoanza kupanda nilikwenda na ndoo, nikasimama kwenye kijiti, kwa mazoea tu. Paseli imetoka. Ni vijani vidogo viwili viwili, vya kijani hafifu, mstari mzima, ndani ya milamula yako.

Imeshaaga Njombe, Mama. Na mimi nimeshaaga.

Pumzika salama, umsalimie Deo.

Mugole wako,
wa Nyakasimbi